Kabati Limegeuka

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Mimi, Mama. Shikamoo. Mko—

MAMA: Marahaba, mwanangu. Nyumba imetikisika! Vyombo vyote chini—

FUNDI: Hata huku karakana mbao zimemwagika. Uko wapi?

MAMA: Chumbani na baba yako. Hatuwezi kutoka. Lile kabati ulilotutengenezea limeziba mlango.

FUNDI: Limeanguka?

MAMA: Wapi! Limesimama wima, ila limegeuka. Asubuhi lilitazama dirisha, sasa linatutazama sisi kitandani. Nani kaligeuza, jini?

FUNDI: Jini gani, Mama! Ardhi ikitikisika linainuka kona moja, linazunguka kidogo, linatua, linainukia kona nyingine. Ndivyo linavyotembea. [Mkwaruzo] Mama?

MAMA: Nakusikia. Ngoja nilisukume—

FUNDI: Usiliguse! Ni refu, tena jembamba. Likianguka, linaanguka mbele au nyuma, haliangukii ubavu. Mbele yake kuna nini?

MAMA: Baba yako.

FUNDI: Mtoe hapo.

MAMA: Miguu yake unaijua. Na mimi mgongo huu—

FUNDI: Mvute na shuka. Mshushe sakafuni, ubavuni mwa kabati. Mtikisiko mwingine unaweza kuja sasa hivi.

MAMA: Mzee, twende... Hataki. Anasema haamrishwi na mtu aliyeondoka bila kuaga.

FUNDI: Si ungemficha kuwa ni mimi!

MAMA: Nimfiche vipi na unapiga kelele hivyo? Miaka miwili hajasikia sauti yako, leo—

FUNDI: Basi anikasirikie akiwa chini! Vuta, Mama!

MAMA: [Anahema] Kichwa... taratibu... haya, yuko chini. Mwanangu, taa inacheza—

FUNDI: Mlalie! Funika kichwa— Mama? Mama!

[Kishindo. Mkwaruzo mrefu.]

FUNDI: Sema kitu, Mama! Chochote!

MAMA: [Anakohoa] Limeanguka. Kitanda kimekatika katikati. Pale pale alipokuwa.

FUNDI: Na yeye?

MAMA: Mzima. Kanishika mkono, hauachii.

FUNDI: Mlango je?

MAMA: Umepata upenyo... Naona ukumbi.

FUNDI: Mburute hivyo hivyo na shuka, mtoke nje. Nakuja mbio—

MAMA: Subiri. Anauliza.

FUNDI: Anauliza nini?

MAMA: Kama wewe huko umeumia.

FUNDI: Ameuliza mwenyewe?

MAMA: Kwa mdomo wake. Jibu basi, ananitazama.

FUNDI: Mwambie sijaumia. Mwambie— Mama, salio linaisha, mwambie ba—