Kazi Inaanza Saa Ngapi?

Benchi liko ng'ambo ya geti la kiwanda cha sosi ya nyanya, Sombetini, chini ya bati alilotundika Zamda muuza kahawa ili wateja wake wasiungue. Jua lilikuwa limeshapanda, na watu waliotakiwa kuwa kwenye mashine walikuwa hapo, maovaroli masafi, vikombe mkononi. Nyanya hazijafika. Nashilu alikaa mwisho wa benchi, hanywi. Asubuhi msimamizi alitangaza kwamba leo tena kuna ovataimu, na jioni hiyo hiyo mchungaji anakutana na wazazi wa watoto wa kipaimara. Nashilu ameshakosa vikao viwili. Akikosa cha leo, Prosper wake anarudishwa mwakani, wenzake wabarikiwe yeye akiwatazama.

— Mama Prosper, kunywa kahawa bwana, — alisema Godbless, anayeitwa Profesa kwa kuwa hajawahi kusema "sijui". — Ukinuna ndiyo nyanya zitakuja?

— Nyanya zinatoka Nduruma, Profesa. Hazitoki Kongo. Kwa nini kila siku zinafika saa nane?

— Hiyo ni sayansi. Nyanya ya asubuhi ina umande. Ukiipika na umande wake, sosi inalia ndani ya chupa.

Zamda aliacha kumimina.

— Inalia?

— Kabisa. Wazungu walishawahi kurudisha kontena zima.

— Muongo wewe! — Lemomo alidakia. Huyu wanamwita Waziri, maana ana ahadi kwa kila mtu. — Tatizo ni mke wa meneja. Jamaa anaogopa kurudi nyumbani kwake. Sisi wote tunakesha hapa kulinda ndoa ya mtu.

— Na kile kivuli cha Mlima Meru je? — Profesa hakukubali kushindwa. — Kinakula saa za upande huu. Mchana wa Sombetini ni mfupi kuliko wa Momela, kule upande wa pili wa mlima. Ndiyo maana tunamalizia usiku.

Benchi zima lilicheka. Nashilu hakucheka.

— Nyamazeni! Waziri, dereva anaondoka hapa saa ngapi kwenda Nduruma?

— Saa nne hivi.

— Kwa nini si alfajiri?

— Anakuwa amelala, maskini.

— Amelala kwa nini?

— Si usiku anatushusha majumbani na hiyo hiyo Fuso ya nyanya? Tukitoka ovataimu?

— Na ovataimu tunafanya kwa nini?

Waziri alimgeukia Zamda.

— Kwa sababu nyanya zilichelewa, — Zamda alimjibia.

— Haya! — Nashilu alisimama. — Gari liende jioni, nyanya zilale hapa, asubuhi tukiingia tunaanza. Hata shangazi yangu anayepika pilau la harusi ananunua mchele jana yake! Hawa wana ofisi, wana kompyuta, na kila asubuhi wanashangaa kwamba kiwanda cha nyanya kinahitaji nyanya!

— Polepole, dada, — alisema Waziri. — Ovataimu ikifa, mboga tunapata wapi?

— Mboga gani? Mchana nafunga chupa bila kuvunja hata moja. Usiku nasinzia, zinapasuka, nakatwa mshahara. Watulipe vizuri kwa kazi ya mchana! Mtoto wangu anajua mgongo wangu tu, Waziri. Narudi amelala, naondoka amelala.

Hapo akatokea kwenye mlango mdogo wa getini msichana mwenye ovaroli jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Akavuka barabara, akainama kidogo.

— Shikamooni. Naitwa Brenda, nimeanza leo. Nimezunguka kwenye mashine sijaona mtu. Samahani, kazi inaanza saa ngapi?

Profesa alivua miwani, akaifuta. Waziri akachungulia kikombe chake. Kila mmoja pale aliwahi kuambiwa saa ya kuingia, na kila mmoja aliijua vizuri saa ya kuchoka.

Nashilu alimshika Brenda mkono.

— Twende kwa meneja. Ukamuulize hivyo hivyo. Mimi nitasimama pembeni yako mpaka ajibu, halafu saa kumi naenda kanisani.

— Mama Prosper! — Waziri aliita. — Watakufukuza kazi!

Nashilu alikuwa ameshafika katikati ya barabara. Hakugeuka.

— Kazi gani? Si haijaanza?