Ukuta wa Doña Ercilia

Asubuhi ile kwenye benchi la duka la Fefa, mtaani kwao huko Santiago, kahawa ilikuwa ya Brashi. Jambo hilo peke yake lilitosha kuwa habari, maana Brashi, fundi rangi, alikuwa hajawahi kununulia mtu kitu tangu timu yao ichukue kombe. Wakili alikunywa vikombe viwili haraka haraka asije mwenzake akabadili mawazo. Huyu Wakili hajasoma sheria hata siku moja. Aliuza stempu nje ya mahakama miaka ishirini, na kwa kusikia sikia tu akajipa cheo. Redio, wa pikipiki, alikuwa amekaa upande kwenye kiti cha chombo chake, mguu mmoja chini. Brashi mwenyewe alikuwa pembeni, kikombe mkononi, hanywi. Pesa aliyonunulia ile kahawa alipewa jana yake na mwenye nyumba, Don Leoncio, malipo ya awali ya kazi ya kupaka rangi nyeupe nyumba aliyohama Doña Ercilia. Na Doña Ercilia huyo hapo, kakaa katikati yao, karatasi mapajani.

— Soma tena, mama, Wakili akasema. Taratibu. Neno kwa neno.

— Nimekatwa kwenye amana yangu, Doña Ercilia akasoma. Koki ya jikoni. Matundu ya misumari, saba. Kuosha tangi la juu. Na hili la mwisho ndilo limemeza karibu yote: kurudisha rangi ya ukuta, iliyobadilishwa bila ruhusa.

— Matundu saba, Redio akasema. Kayahesabu. Mtu mzima na miwani yake kazunguka nyumba anahesabu matundu.

— Matundu ni maendeleo, Wakili akasema. Kisheria ukiacha tundu ukutani umeongeza thamani ya nyumba, maana mpangaji anayekuja hana haja ya kutafuta nyundo. Don ndiye anayedaiwa.

— Na koki? Fefa akauliza kutoka dirishani.

— Koki ilikuwa inavuja kabla Doña hajazaliwa.

— We Wakili, nyumba ina miaka kumi na mbili.

— Nazungumzia koki, sizungumzii nyumba.

Walicheka. Doña Ercilia naye akacheka kidogo, kwa adabu, halafu akaikunja karatasi na kuikunjua tena. Kijiwe kizima kilijua hali yake. Magoti yamemkatalia ngazi, kapata chumba cha chini kule karibu na zahanati, na mwenye chumba anataka kama wanavyotaka wote: miezi miwili ya amana na mmoja wa kodi, kabla ya Jumamosi. Alitegemea amana ya Don Leoncio. Bila hiyo chumba kinakwenda kwa mwingine, naye anakwenda Navarrete kulala kwenye kochi la dada yake, na dada yake ni mtu wa kuhesabu mpaka maji unayonawia uso.

— Mimi nawaambia hii ni siasa, Redio akasema. Kwa nini nyeupe? Kuna mtu kajiuliza? Nyeupe ni rangi ya chama. Don anagombea. Akishazipaka nyumba zake zote sita, ukipita unaona mtaa mzima wake.

— Anagombea nini, na miaka sabini na nane? Fefa akauliza.

— Hiyo ndiyo siri yenyewe.

— Acheni utoto, Wakili akasema. Don anajenga ghorofa ya tatu. Mnadhani saruji inatoka wapi? Inatoka kwenye amana. Mpangaji akitoka na misumari saba, hiyo ni mifuko mitatu. Ile ghorofa ni ya Doña Ercilia, nusu yake. Mimi nikimwandikia barua, mzee yule atahamia chini na Doña atakaa juu.

— Na magoti haya, mwanangu?

— Tutadai na lifti.

Brashi alicheka na wenzake. Kile kipengele cha mwisho alikuwa anakijua kuliko Don mwenyewe. Desemba mbili zilizopita, mtaa mzima unapaka nyumba kwa ajili ya Krismasi kama kawaida, Doña Ercilia alimwita. Mwanawe alikuwa anarudi kutoka Nueva York baada ya miaka tisa. Alitaka sebule iwe rangi ya mamey, ile ya machungwa inayokaribia wekundu, kama nyama ya tunda lenyewe likiiva sawasawa. Ila kwanza, akasema, muulize Don, wewe unafanya kazi zake, mnaelewana. Brashi akaenda kweli. Don Leoncio alikuwa anakata kucha uani, hakuinua hata kichwa. Alisema neno moja: tutaona. Sasa mtaani kwao mkubwa akikwambia tutaona, ujue kakataa na hataki kelele. Mtoto mdogo analijua hilo. Brashi alilijua. Lakini alikuwa na ndoo ya mamey iliyobaki kwa mteja mwingine, imekaa chini ya kitanda chake, na Krismasi imefika, na mfukoni hamna kitu. Akarudi akasema: Don kasema paka tu, mama.

Basi hivyo. Ruhusa yenyewe ilikuwa mdomo wake tu.

— Lakini mama, Redio akasema, hili la ruhusa. Wewe uliomba au hukuomba?

Brashi akainamia kikombe. Akaona viatu vyake, vile vyenye madoa ya rangi za nyumba za watu.

— Ruhusa niliomba, Doña Ercilia akasema. Nilimtuma mtu, akaniletea jibu kwamba Don kakubali.

— Ulimtuma nani? Huyo ndiye shahidi wetu. Kesi imekwisha hapa hapa.

— Simtaji. Ni mtu wa kazi, anakula kwa mikono ya Don. Nikimtaja, Don atamfukuza, na mimi sitapata faida yoyote kwa mwenzangu kukosa chakula.

Alisema hivyo bila kumwangalia Brashi hata kidogo. Brashi aliona joto linampanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Aliona aibu, ile aibu ya kutaka ardhi ipasuke. Alijiambia atamwendea baadaye, faraghani, amweleze.

— Una moyo, mama, Fefa akasema.

— Dawa ni moja, Wakili akasimama. Mgomo. Fundi rangi mtaa huu ni mmoja tu, na ni huyu Brashi wetu. Don akimwita aipake nyeupe, Brashi anakataa. Ukuta ukibaki mamey, Don kakata pesa ya kazi ambayo haikufanyika. Huo ni wizi kwa maandishi. Hapo namburuza mahakamani.

— Hilo la maana, Redio akasema. Brashi, si utakataa?

— Eh?

— Don akikuita. Utakataa?

— Nitakataa, Brashi akasema. Ndiyo. Mimi tena?

— Unaona, mama? Mtu na nusu huyo. Na kahawa leo kanunua yeye.

— Mungu akuzidishie, Doña Ercilia akamwambia, na akanywa.

Hapo ndipo gari dogo la duka la vifaa liliposimama, likapanda kidogo kwenye ukingo wa njia. Akashuka mwanamume mwenye sharubu za mvi, karatasi ya mzigo mkononi, jasho limemlowanisha mgongo.

— Habari za hapa. Namtafuta Radhamés Polanco. Ni yupi?

Wakaangaliana. Redio akajikuna kidevu.

— Radhamés? Kulikuwa na Radhamés mwoka mikate, alifariki.

— Huyo alikuwa Radhaisa, Wakili akasema, na alikuwa mwanamke.

— Hapa hakuna Radhamés, ndugu yangu, Redio akasema. Tunajuana wote.

— Nimeambiwa namkuta kwenye benchi kwa Fefa, yule mwanamume akasema. Nina ndoo zake mbili, nyeupe. Mwenye nyumba kashalipia, anasema fundi anaanza leo. Sasa nimshushie nani?

Redio na Wakili bado walikuwa wanatafuta kichwani, kwa dhati kabisa, maana tangu utotoni yule alikuwa Brashi na hakuna aliyewahi kumwita jina lingine. Zaidi ya mwenyewe, mmoja tu alilijua jina lile. Doña Ercilia alimshika siku ya ubatizo, mama yake alipokuwa hajiwezi kwa homa. Sasa alimgeukia, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na akamsubiri.

— Ni mimi, Brashi akasema.

— Wewe nani? Redio akauliza.

— Mimi ndiye Radhamés. Don kanipa kazi jana. Hii kahawa mnayokunywa ni pesa yake. Na mama, Don hakusema paka. Alisema tutaona. Mimi ndiye niliyesema paka.

Wakili akakaa. Fefa akaacha kufuta kaunta.

Doña Ercilia alikitazama kikombe chake, akakiweka chini, kikiwa nusu.

— Ungeniambia tu, akasema. Ningeuacha ukuta ulivyokuwa. Mwanangu alikuja kuniona mimi.

Yule wa ndoo akajifanya anasoma karatasi yake.

— Don yuko nyumbani mpaka saa sita, Doña Ercilia akasema. Inuka. Utamwambia mwenyewe hayo uliyoyasema hapa, na pesa yake umrudishie, hata kama imepungua.

Brashi akainuka. Redio akawahi kushika usukani, akapangusa kiti kwa kiganja.

— Panda, mama, nakupeleka mara moja. Magoti yako hayo.

— Hapana, baba. Tutapita barabara kuu kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Nataka watu wamwone.