Ndoto za Mama na Gunia Lisilokuwepo

Kaeni, kaeni, msisimame kwa ajili yangu. Mimi ndiye wa kusimama, na nikichoka nitawaambia. Mwenyekiti wetu amesema kila aliyewahi kuuguza mtu nyumbani atoe lililo moyoni. Sasa langu mimi lina kompyuta ndani yake. Wewe mama pale nyuma, usianze kusinzia! Nitaeleza polepole mpaka uelewe. Na ukisinzia, basi ota vizuri utusimulie, maana hadithi yenyewe ni ya ndoto.

Mama yangu alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwa letu, kule Usenge. Kazi hiyo mnaijua. Asubuhi mashua zinarudi, akina mama wananunua, wanatandaza omena mbichi juu ya nyavu kuukuu mchangani, na jua linafanya lake. Jioni zilizokauka zinaanuliwa, zinatiwa guniani. Halafu nyavu zinakung'utwa mpaka hakibaki hata kichwa kimoja. Mama alikuwa mkali sana kwa jambo hilo. Alisema ukitandaza mbichi juu ya masalia ya jana, zote zitaoza, na harufu itakufukuza mpaka Bondo.

Na pale ufuoni walikuwa na desturi yao. Kabla omena haijaguswa, kila mwanamke alisema alichoota usiku. Hakuna aliyefasiri, hakuna aliyebishana. Unasema, wenzako wanaguna, mnaanza kazi. Mama aliniambia, "Nyathina, ndoto ikikaa tumboni inachacha." Nyathina maana yake mwanangu, kwa wale ambao hawakunyonya Kijaluo.

Basi mama akaota uvimbe kooni, na huo haukuwa ndoto. Nikamleta Kisumu, akakaa nami mtaani Nyalenda ili awe karibu na hospitali. Mume wangu alikuwa kazini mbali, nami nilikuwa na mimba ya kwanza. Daktari akaniita kando, akaniambia kwa upole kwamba uvimbe ule utachukua sauti kabla ya kuchukua mengine. Nilitoka pale nikiwa nimeshika tumbo. Ndugu zangu, nawaambia, sikulilia kifo siku ile. Nililia kwamba mtoto wangu atazaliwa na nyanya asiyeweza kumwambia hata neno moja.

Nyumbani mama aliendelea na desturi yake ya ufuoni, ila sasa wa kumsikiliza nilikuwa mimi peke yangu. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati, nilimkuta ameketi kitandani, macho nusu wazi, nusu yuko kwangu na nusu bado yuko kule alikotoka. Nampa uji. Anasema.

Ameota ziwa limerudi nyuma, na chini yake kuna majiko ya watu, mafiga bado yana joto. Ameota omena zinanyesha juu ya paa la kanisa na mchungaji anazikinga kwa kofia. Ameota marehemu baba amekuja kuomba chumvi, akapewa, akaondoka bila kuaga, kama kawaida yake. Siku moja aliota ziwa lote limegeuka majani, na yeye anatembea juu yake bila kulowa miguu. Hiyo ilikuwa kabla gugumaji halijatufikia. Sisemi kitu, mniambie wenyewe.

Kila asubuhi sauti ilikuwa ndogo kuliko ya jana. Nikaamua ndoto zile lazima zikae mahali, zimngoje mtoto.

Wakati huo nilikuwa nachapa barua katika ofisi moja mjini, juu ya duka la vitambaa, na saa za mchana ofisi hiyo iligeuka kuwa darasa la kompyuta. Mwalimu wetu alikuwa kijana mpole aliyevaa tai hata jua likiwaka. Alitufundisha lugha inayoitwa C. Hiyo ni lugha ya kuiamrisha mashine, na nawahakikishia ni kali kuliko mama mkwe. Ukisahau nukta moja inakukatalia kila kitu.

Mwalimu alisema: mashine ikizimwa, husahau yote uliyoiambia. Ukitaka maneno yabaki, yaweke kwenye faili. Kwanza unaifungua kwa amri ya fopen, unataja jina la faili, na unasema umekuja kufanya nini. Herufi r, umekuja kusoma. Herufi w, inakufungulia faili safi ya kuandikia. Herufi a, umekuja kuongezea mwishoni. Angalia kwanza kama imefunguka, maana ukijibiwa NULL, mlango haupo na utakuwa unaongea na ukuta. Kisha andika. Ukimaliza, funga kwa fclose. Usipofunga, maneno mengine huwa bado yako njiani, na stima ya Kisumu, huu umeme wetu, mnaijua, ikipotea inaenda nayo.

Mimi nikaelewa yote! Nilikuwa natikisa kichwa kuliko wanafunzi wote. Nikaandika programu yangu ndogo: inafungua faili, inapokea maneno ya mama, inayaandika, inafunga. Kila mchana darasa likiisha, wenzangu wakienda kula samaki kando ya ziwa, mimi nilibaki nikichapa ndoto ya asubuhi. Mwalimu aliniruhusu. Jioni mama aliniuliza, "Ile mashine imekula ngapi leo?" Namwambia haili, Mama, inatunza. Anacheka, mpaka kicheko nacho kikaanza kukwaruza.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ni kosa la mtoto wa Usenge. Nilipofika mahali pa kuchagua herufi, nilifikiri vizuri kabisa. Nikasema, a ni kuongezea juu ya ya jana. Aa! Nani anaanika juu ya masalia? Ya jana lazima iwe imeshaingia guniani. Nipe faili safi, kama wavu uliokung'utwa. Nikachagua w. Na nilijivuna, jamani. Niliona mashine na mama yangu wanapatana.

Kusoma tulikuwa hatujafundishwa. Kwa hiyo nilikuwa naandika tu, siku baada ya siku, na kila siku nilisikia ile diski inakwaruzakwaruza ndani, nikajua ndoto inashuka guniani. Sikuwahi kurudi kuangalia.

Asubuhi moja nilimkuta mama ameketi kama kawaida. Midomo ikatikisika. Nikainama mpaka sikio langu likagusa kidevu chake, nikasikia, kwa mbali sana, "Leo sikuota." Nikaenda ofisini nikayaandika hayo hayo. Kesho yake alifungua mdomo na hakukutoka kitu. Akachukua uji wake akanywa.

Nilijikaza. Nilijiambia sauti imekwenda lakini mali iko ghalani. Wiki ile ile, kama kwamba mtu alipanga, mwalimu akafika kwenye kusoma faili. Fungua kwa r, akasema, vuta mstari mmoja mmoja kwa fgets, uonyeshe kwenye kioo, mpaka mistari iishe. Nikaandika jina la faili yangu. Nikabonyeza.

Kioo kikaonyesha mstari mmoja. Leo sikuota.

Basi. Chini yake weusi mtupu.

Nikaiendesha tena. Leo sikuota. Nikamwita mwalimu, akaja na tai yake, akatazama programu yangu ya kuandikia.

"Umefungua na w," akasema. "Hiyo hufuta kilichomo kwanza, ndipo unaandika."

"Naam. Na ya jana inaenda wapi?"

"Haiendi popote. Imefutwa."

"Mwalimu, nauliza gunia liko wapi."

"Gunia gani, dada?"

Yawa! Mimi ni mtu wa hasira, hamnijui tu kwa sababu leo nimevaa vizuri. Nilipiga ile meza mpaka mwenye duka la vitambaa akapanda ngazi kuuliza kama kuna moto. Mwalimu maskini akasimama hapo akisema pole, pole, kama kwamba ni yeye aliyefuta. Nilishuka ngazi nikaenda nyumbani kwa miguu, na sikumbuki njia niliyopita. Nakumbuka tu kwamba ziwa lilikuwa mwisho wa kila barabara, limetulia, na mimi nililichukia.

Siku zilizofuata sikwenda kazini. Nililala. Mchana nalala, jioni nalala, na mama mgonjwa ndiye aliyekuwa akiniletea maji mimi mzima. Nikipata usingizi naota nafungua magunia, na ndani ya kila gunia kuna gunia jingine, tupu. Nilifikia mahali hata mtoto akicheza tumboni sikuweka mkono. Nilihisi nimemwibia urithi wake kabla hajazaliwa.

Mama alikaa akinitazama. Hatimaye akaja kitandani, akanivuta mkono, akauliza kwa macho. Nikamwambia yote. Nilidhani atalia. Mama yangu akacheka! Hakuna sauti, ni mabega tu yanaruka, machozi yanashuka. Kisha akashika ncha za shuka langu, akalikung'uta kwa nguvu kama wavu, pa! Akanionyesha sakafu: tazama, hakuna kitu. Halafu akafanya jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka mwili unanisisimka. Alilitandaza lile shuka upya, akalinyoosha pembe zote, akaelekeza kidole nje, upande wa kwao. Akakinga sikio lake kwa kiganja, kama anayesikiliza.

Nikaelewa. Ndoto zile sikuwa nimezisikia mimi peke yangu. Wako watu waliozisikia miaka yote, kila asubuhi, kabla omena haijaguswa.

Jumamosi nikampeleka Usenge. Tulifika ufuoni nyavu zikiwa zinatandazwa, akina mama wakapiga vigelegele, kisha wakaona hawezi kuwajibu. Rafiki yake mmoja, aliyeanika naye tangu wakiwa wasichana, akamkalisha juu ya debe lililopinduliwa. Nikawaeleza ninachotafuta. Yule rafiki akasema, "Ati zimepotea? Mimi ninazo za tangu sijaolewa!"

Akaanza. Mama aliota ng'ombe wanazungumza kuhusu kodi. Mwingine akadakia: siyo ng'ombe, ni viboko, na walikuwa wamevaa sare za kanisa! Wakageuka kumtazama mama. Mama alipiga makofi mara moja kwa viboko. Basi ikawa hivyo. Wao wanasema, yeye anaamua. Makofi, ni kweli. Akitikisa kidole, wamepotosha, warudie. Hata zile alizoniambia mimi Nyalenda nilizokuwa ninazikumbuka nusunusu, alinirekebisha kwa kidole. Omena siku ile zilichelewa kupinduliwa na ndege walifaidi, na hakuna aliyejali. Nilikuwa nimelala kwa muda mrefu, ndugu zangu, na pale mchangani, kati ya harufu ile na kelele zile, niliamka. Mtoto akapiga teke. Nikaweka mkono.

Jumatatu nilirudi ofisini. Mwalimu hakuuliza kitu, alinivutia kiti tu. Nikafungua programu yangu, nikafuta w, nikaweka a. Ni herufi moja tu. Nikaandika ndoto moja, nikafunga, nikaifungua kwa r nikahakikisha ipo. Nikaandika ya pili, nikahakikisha ziko mbili. Mwalimu akatabasamu ndani ya tai yake. Tukaendelea hivyo, Jumamosi nakwenda kusikiliza, katikati ya wiki naandika. Na ule mstari wa kwanza kabisa sikuuondoa. Faili ile mpaka leo inaanza na Leo sikuota, na chini yake ndoto zinafuatana.

Tumbo lilipokuwa kubwa, mama alitaka kuiona hiyo mashine inayokula maneno. Alipanda ngazi zile akipumzika kila mara. Nikamkalisha mbele ya kioo, programu ikiwa wazi inangoja mstari mpya. Akanyoosha kidole, kile kigumu cha kupindua omena, akakiweka kwenye kitufe kirefu cha chini, kile cha nafasi. Akabonyeza, akashikilia. Kile kialama kinachoonyesha mahali pa kuandika kikaanza kutembea kwenye kioo, kinatembea, hakiachi kitu nyuma. Aliangalia kama mtu anayeangalia mashua ikienda. Alipotosheka akaondoa kidole. Nikabonyeza kuandika. Faili ikafungwa.

Alimbeba mjukuu wake, namshukuru Mungu. Alimbeba msimu mmoja wa mvua, kisha akatuacha.

Sasa nikae, miguu imechoka. Nawashukuru akina mama wa ufuoni, ambao wengine wao hata hawajui kompyuta inafananaje. Namshukuru mwalimu wangu aliyeninyamazia wakati wa kuninyamazia. Nakushukuru mwenye duka, uliyepanda ngazi ukidhani kuna moto, moto ulikuwepo. Na ninyi mnaouguza, niliyo nayo ni haya: usifute ya jana kwa kudhani kuna mtu ameyaweka mahali. Nenda uangalie. Na ukikuta patupu, usilale kama mimi. Waulize wengine, mtu wako amewagawia wengi.

Binti yangu sasa anajua kusoma. Asubuhi nyingine hunijia kitandani na zile karatasi nilizochapisha, tunasoma ndoto za dani, yaani nyanya yake. Tukifika pale kwenye mstari usio na kitu, huniuliza kila mara, "Na hapa dani anasema nini?" Namwambia hapa dani ameanza kuota, tusimwamshe. Anakubali. Anangoja kidogo, kisha ananiambia ameota nini yeye, na mchana nikifika kwenye mashine naiandika chini ya ile ya nyanya yake.