Harufu ya Nyumbani

Umbeya haulipiwi nauli, kwa hiyo ndani ya basi fundi cherehani alitega sikio. Kwenye kiti cha mbele yake, bwana misitu alikuwa akikikodolea macho kigogo cha msonobari alichokipakata mzee mmoja aliyeketi kando yake.

"Baba, gome hili lina wadudu. Ndio waliokausha msitu wa kwenu. Wakiingia huku, na wetu umekwisha. Nipe gome nikalichome, mti baki nao."

"Mwanangu, mama watoto amelazwa. Ameniomba harufu ya nyumbani, na harufu iko kwenye gome. Mti mtupu anao: ndio meza ya dawa zake."

Bwana misitu akaurudisha mkono aliokuwa ameunyoosha.

Basi likasimama hospitali. Mzee hakuinuka; aliutazama mlango, kisha akalitazama gome. Fundi, ambaye kituo chake kilishapita, alivuta pumzi ndefu: basi zima lilinukia msitu, na juu ya goti la mzee mdudu mdogo kama ufuta alikuwa akitembea taratibu.