Kisomeo Kilichotuambia Tusubiri

Benchi letu la Isevya limeegemea ukuta wa duka la Sameer, na kahawa huanza kumiminwa baada ya alasiri. Siku ile hakuna aliyegusa kashata. Katikati ya vikombe kililazwa kisomeo cha Bi Khole, kile kibao cha kusomea vitabu ambacho kioo chake hakiwaki kama cha simu, kimetulia kama karatasi. Bi Khole macho yamechoka. Anataka herufi kubwa amalizie riwaya aliyoiachia katikati. Programu ya kiwandani hukuza herufi za vitabu vya duka la kiwanda la mtandaoni tu, na duka lao limetamka kwamba Tabora haimo katika eneo la huduma. Basi mwanawe, Musab, akapiga picha kurasa zote za riwaya, akatafuta mtandaoni programu nyingine isiyo na baraka za kiwanda, akaipachika kisomeoni pamoja na picha hizo kwa waya wa simu. Mama hakuambiwa. Kisomeo kikaandika kwa Kiingereza kwamba tusubiri, kikanyamaza.

— Tangu jana? aliuliza Masafa, fundi redio wetu.

— Tangu jana. Nimebonyeza mpaka kidole kinauma, alijibu Musab.

— Mwanangu, umeua kitu cha bi mkubwa.

— Hakijafa! Maiti ataandikaje "subiri"?

Mhutasari, karani mstaafu wa halmashauri kule Isikizya, alivaa miwani akakikagua bila kukigusa.

— Mmeruka ngazi. Faili limefika mezani, mwenye meza katoka. Mimi nimewaambia watu "subiri" maisha yangu yote ya kazi. Hilo neno nalijua.

— Humo ndani hamna meza, mzee. Kuna Linux, ndiyo inayoendesha kila kitu. Ni ya watu wote, haina bosi, alidakia Musab.

— Haina bosi? Mhutasari alishtuka kwelikweli. Sasa muhuri anapiga nani?

Masafa akasogea karibu, akashusha sauti.

— Kimeshajiripoti hicho. Sasa hivi kule kiwandani kuna jamaa kafungua ramani, anaitafuta Tabora.

— Hakijaunganishwa hata na intaneti, Masafa.

— Ndiyo maana haioni!

Abdulatifu, mwenye birika, alicheka mpaka akamwaga kahawa.

— Hamuujui mji wenu. Msafara gani wa zamani ulipita hapa bila kutua? Watu wametoka pwani, wana haraka ya Ujiji, wakifika hapa wanashusha mizigo, wanalima mpunga, wanavuna ndiyo waondoke. Hilo faili limetoka mbali. Liacheni livune.

— Mama anakuja, alisema Musab.

Tukakaa sawasawa kama wanafunzi.

— Shikamoo, Bi Khole.

— Marahaba. Kisomeo changu kimefuata nini kijiweni?

Musab akaeleza yote, macho chini. Bi Khole alikichukua, akakigeuza nyuma na mbele.

— Kina chaji?

Masafa alimtazama Mhutasari. Mhutasari alilitazama birika. Musab akajipiga paji la uso.

— Kioo hiki hakijifuti! Umeme ukiisha, maandishi yanabaki palepale.

— Kwa hiyo tangu jana mnabishana na karatasi, alisema Bi Khole, na akaketi.

Waya ulivutwa kutoka dukani kwa Sameer. Tulikunywa duru moja bila nadharia yoyote. Kisha kioo kikapepesa, kikawa cheusi, kikawa cheupe, likatokea neno la kwanza la riwaya, nene, hata Mhutasari alilisoma bila miwani. Bi Khole aligusa pembeni, ukurasa ukafunuka. Akagusa tena na tena, akiitafuta sehemu aliyoiachia.

— Alipotelea hapa, alinong'ona. Mke wa hakimu. Kapanda treni, hajaaga.

Birika lilikuwa limekwisha, na Abdulatifu hakuondoka. Mhutasari ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

— Samahani, Bi Khole. Sasa huyo mke alirudi?

Bi Khole hakuinua macho.

— Subiri.