Bi. Winifrida na Msitu wa Madaktari

Bi. Winifrida Ndayikunda anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya ukalimani katika kituo chetu cha afya hapa Kibondo. Aliajiriwa mwaka 1994. Madaktari wageni walizungumza Kiingereza, wagonjwa Kiha na Kirundi, na katikati alikaa yeye na chupa yake ya chai ambayo hakuwahi kumwazima mtu.

Madaktari hao wana msemo wao. Mgonjwa akipata nafuu lakini anaweza kuzidiwa tena, husema bado hajatoka msituni. Maana yake, hatari haijapita. Huutumia hata kwa biashara inayoyumba, ila wodini huupenda zaidi kwa sababu hautishi mtu.

Mwaka 1998 daktari aliusema kuhusu mke wa Pasikali, mkulima wa Kitahana. Bi. Winifrida aliuelewa vizuri sana. Lakini alimwona Pasikali alivyochoka, akamwonea huruma, akamwambia tu kwamba mkewe anaendelea vizuri, wavute subira. Nje majirani walikuwa wameshafika na machela, kama ilivyo desturi. Pasikali akadhani hatari imepita, wakambeba mgonjwa hadi nyumbani. Alizikwa siku ya tatu. Bi. Winifrida ametuagiza tuliandike hili, la sivyo haji kwenye sherehe.

Tangu hapo, daktari akianza kupamba maneno, Bi. Winifrida alinyanyua mkono na kumtaka aseme upya. Wengine walinuna. Mmoja aliomba abadilishiwe mkalimani, akajibiwa kuwa hayupo mwingine.

Mwaka juzi Niyubahwe, mama wa hapa jirani, alitaka kuondoka na mwanawe. Homa ilikuwa imeshuka, maharage yalikuwa yanaoza shambani, na machela ilikuwa mlangoni. Daktari akautaja ule msitu. Bi. Winifrida akamuuliza kama mtoto anaweza kufa. Daktari akakiri kuwa ndiyo, mpaka Ijumaa ipite. Bi. Winifrida akamwambia mama hivyohivyo, kwa Kiha. Niyubahwe alilia, akamwita mchawi, kisha akafungua mzigo wake na kubaki. Mtoto sasa yuko darasa la kwanza.

Rasimu ya wasifu huu ilisema ameacha pengo lisilozibika. Aliisoma, akauliza tuna maana gani. Tuna maana kwamba Jumanne mgonjwa ataletwa, daktari atasema lake, na hatujui nani atawaambia ndugu ukweli. Tunaogopa.

Asante, Bi. Winifrida. Uishi kwa afya na furaha huko Kasulu kwa wajukuu, na simu yako usiizime.