Sanduku la Cherehani

Ndani ya treni ya ugenini, mwanamume mwenye kimkoba kimoja alikuwa akimsema fundi cherehani tangu walipogundua kuwa lugha yao ni moja. "Mama, masanduku matatu! Hili umejaza mawe?" "Cherehani changu, mwanangu." "Huko kwa binti yako vipo, tena vyepesi." "Vipo, ila havijamsomesha huyo binti."

"Haya, treni inasimama dakika moja tu. Utayashushaje?"

Fundi akakaza kitambaa chake kichwani, hana hata chembe ya wasiwasi. "Nimepita mabehewa manne nikiyakokota, viti vitupu tele. Unadhani kwa nini nikaja kukaa na mwenye mikono mitupu?"

Breki zikalia. "Anza na la cherehani," akasema. "Si wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi?"